Trela yetu ya kwanza, na magoti ya Mama

Agosti mwaka jana tulimpeleka Mama Naivasha. Alikuwa Nairobi tangu Juni, ametoka Kakamega kuja kutibiwa magoti, na kliniki zikawa zimeisha. Shule zimefungwa, watoto hawashikiki nyumbani, nikasema huu ndio wakati. Tukapakia hema letu kubwa, lile lenye vyumba viwili vinavyogawanywa na pazia, tukaenda kupiga kambi kando ya ziwa siku mbili.

Sikuwaza vizuri. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Hilo nimelijua tangu utoto, lakini nilijipa moyo kwamba hema si nyumba na pazia ni ukuta. Jioni Mama akalitazama hema, akamtazama mume wangu, Baba Amani, aliyekuwa akigongomea vigingi, akaniita kando. "Mwanangu, hilo paa ni moja." Kisha, kabla sijajibu: "Na hata lingekuwepo lingine, mimi chini silali. Nikilala chini, nitainuliwa na nani?"

Usiku ule alilala ndani ya gari. Tulilaza kiti cha mbele mpaka mwisho, tukamjazia mto mgongoni na blanketi mbili. Asubuhi nilipofungua mlango miguu ilikuwa imevimba, na alama ya soksi imezama kwenye ngozi kama kamba iliyokazwa. Hakulalamika. Aliomba chai. Nikamkanda kwa maji ya moto huku viboko wakikoroma majini, na moyoni nikawa nimeshaamua kwamba mama yangu hatalala kwenye kiti cha gari tena.

Ndiyo sababu nilipoanza kutafuta trela ya kulala nilikuwa na masharti mawili ambayo sikuyakuta kwa mtu yeyote anayeshauri watu juu ya trela. La kwanza, kitanda ambacho mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu anaweza kukiingia na kukitoka peke yake. La pili, mapaa mawili. Mengine yote yalifuata nyuma ya hayo. Na nyuma kabisa zilikuwepo pesa: zamu yangu ya chama, kile cha kuchangiana pesa, ingefika Oktoba, shilingi 240,000, na nilikuwa na akiba ya 60,000. Jumla 300,000, wala si shilingi moja zaidi, kwa sababu karo ya Januari haina mjadala.

Ya kwanza tuliyoenda kuiona ilikuwa mtaa wa Karen, karavani ya Kiingereza ya zamani iliyoegeshwa chini ya mti kwenye uwanja wa watu waliokuwa wakihama nchi. Bei 480,000, na mwenyewe akawa tayari kushuka hadi 420,000, tena kwa awamu. Nitasema kweli, ilikuwa inapendeza. Mapazia ya maua, meza ndogo inayogeuka kitanda, jiko la mafiga mawili, sinki, makabati yanayofunga kwa kitufe. Amani, wa miaka 11, alishapanda juu kabla hatujakaribishwa. Neema akafungua na kufunga kila kabati. Baba Amani akakaa kwenye kochi akanyamaza, na mimi namjua: akinyamaza hivyo, moyo wake umeshanunua.

Mimi huvua viatu nikiingia nyumba ya mtu. Nikavua. Nilipokanyaga karibu na mlango, sakafu ikabonyea chini ya kisigino kama mkate uliolowa chai. Nikarudi nyuma, nikakanyaga tena. Ikabonyea tena. Nikaanza kupita ukutani na kidole gumba, chini ya dirisha, kwenye pembe, kandokando ya dari. Pembe ya nyuma kidole kilizama. Na harufu, ukishaijua huisahau: harufu ya kabati lililofungiwa nguo mbichi.

Hizi karavani za zamani ukuta wake ni bati jembamba la alumini nje, fremu ya mbao katikati, na plaiwudi nyembamba ndani. Maji hupenya kwenye maungio na pembezoni mwa madirisha, yakakaa kwenye mbao miaka na miaka, mbao zikaoza huku bati la nje linang'aa. Kuitengeneza ni kubandua ukuta mzima, kukata fremu iliyooza na kuweka nyingine. Nusu ya bei ya trela ingeishia hapo. Kwa hiyo ukienda kuona karavani, nenda siku ya mvua au kesho yake, vua viatu, na tumia pua kabla ya macho.

Halafu lile la mapaa. Vitanda vinne, paa moja. Mwenye karavani alinionyesha mlango wa kukunja unaogawanya ndani. Nikamshukuru kwa wema wake, tukaondoka.

Njiani hatukuongea sana. Watoto walikuwa wamenuna, na Baba Amani alikuwa bado anapiga hesabu za kubadilisha sakafu. Ni jirani wetu wa chini, fundi wa magari, aliyelimaliza jambo hilo jioni tulipomsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mama Amani, mmeipenda trela kabla hamjaliuliza gari."

Gari letu ni Forester ya 2010, injini ya lita 2.0, isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa. Kitabu chake kimeandikwa Kijapani. Tulichokuwa nacho kuhusu karavani ile ni namba niliyoinakili kwenye kibati kando ya mlango: uzito wa juu kabisa, kilo 1,200. Jirani akatuambia tuache kutazama uzito wa trela tupu, maana hakuna anayesafiri na trela tupu. Ukinunua trela unanunua uzito wake ikiwa imejaa, na huo ndio gari litakaouvuta mlimani na kuuzuia mteremkoni.

Kuzuia ndiko kulikonishtua. Mimi fikira zangu zote zilikuwa kwenye kuvuta. Trela ndogo isiyo na breki zake inategemea breki za gari peke yake, nayo inakusukuma kutoka nyuma wakati unataka kusimama. Ulaya trela ya namna hiyo haipaswi kupita kilo 750 ikiwa na mzigo wake; ikizidi hapo lazima iwe na breki. Nyingi za hizo hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inajisogeza mbele, inabana chuma kwenye mkono wake wa mbele, na chuma hicho kinavuta nyaya za breki za magurudumu yake. Ya Karen ilikuwa nazo. Jirani akauliza kama tulizijaribu. Hatukuzijaribu.

Na kuna suala la hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa vile hewa inapungua uzito. Yaani gari langu hapa mjini limeshapoteza zaidi ya sehemu moja kwa saba ya nguvu zake kabla sijalifunga kitu nyuma. Hebu iwazie barabara ya Kimende, au ya kupanda kutoka Mai Mahiu, nyuma ya malori, na kilo 1,200 zinakuvuta mkia.

Mimi ni mhasibu. Usiku ule nikafungua daftari nikafanya ninachojua kufanya. Kwanza nikajiwekea mpaka: kilo 600 kila kitu kikiwa ndani, chini kabisa ya ile 750, kwa sababu ya milima na kwa sababu ya abiria. Kisha nikapima vitu vyetu kimoja kimoja. Jerikeni tatu za maji za lita 20 ni kilo 60, na hapo hujaongeza hata sufuria. Mtungi wa gesi unaoitwa wa kilo 6 ukijaa unafika kama 13, kwa sababu jina lake ni la gesi tu, chuma hakihesabiwi. Betri ya asidi 28. Godoro 18. Sanduku la vyombo 22, chakula cha siku tatu 25, viti na meza 24. Jumla 190. Ikawa trela yenyewe tupu isizidi 410.

Ile namba ilinipa utulivu ambao mapazia ya maua yalikuwa yameniondolea. Kuanzia hapo kila tangazo nililitazama kwa swali moja kwanza: tupu ina kilo ngapi? Wauzaji wengi hawajui. Asiyejua, nilimwomba ruhusa ya kwenda kuipima.

Tuliona trela yenye hema la juu, zile zinazopendwa sana siku hizi na watu wa kwenda Samburu. Imara, nyepesi, safi. Lakini kitanda chake kinapandiwa ngazi. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akituonyesha kama ana mtu mzima nyumbani mwenye matatizo ya magoti, akacheka kwa upole, akaikunja ngazi. Tukaona pia moja inayofunguka turubai pande mbili, vitanda vinatokeza kama mbawa. Hii nilitaka kuipenda. Muuzaji alichukua dakika 40 kuifungua, na turubai lilikuwa na madoa meusi ya ukungu kwa sababu lilikunjwa likiwa bichi. Sisi tunaishi ghorofa ya tatu, mtaa wa Umoja. Ningeanika wapi turubai la mita kumi?

Siku hiyo tuliporudi nikachukua tepu. Mama alikuwa bado yuko nasi. Kuna kiti kimoja cha mbao ambacho akikikalia huinuka bila kushika meza. Vingine vyote lazima ashike kitu au aite mtu. Nikakipima kutoka sakafuni hadi pale anapokalia: sentimita 48. Makochi yetu yana 39. Nikaandika 48 kwenye daftari, nikaipigia mstari mara mbili. Hiyo ndiyo namba ya pili niliyotembea nayo, pamoja na ile 410.

Tulifika Kariobangi kwa mafundi wa kuchomelea, na hapo nilijifunza mengi zaidi ya nilivyojifunza mahali pengine popote. Fundi aliyetuhudumia, mzee mmoja mwenye mawani ya kamba, alichora trela kwa chaki sakafuni, ukubwa wake halisi, akaniambia nilale ndani ya mchoro nione kama natosha. Nikalala. Bei yake ilikuwa 260,000 mpaka kupaka rangi, wiki sita. Tatizo ni uzito: chuma alichozoea ni cha kubeba mawe na mchanga, na kila nilipomwomba apunguze unene aliona namwomba afanye kazi mbaya. Simlaumu. Trela zake zimebeba matofali miaka ishirini bila kukatika. Lakini tulipojumlisha mabomba na mabati kwa uzito wa dukani tulifika kilo 560 kabla ya godoro.

Ni yeye mwenyewe aliyetuelekeza kwa mteja wake wa zamani, huko Ruai, aliyekuwa na trela ndogo ya sanduku imekaa tu. Urefu mita 2.4, upana mita 1.5, fremu ya bomba jembamba, kuta za plaiwudi zilizofunikwa bati la alumini. Ndani ni godoro tu, watu wazima wawili au mmoja na watoto. Nyuma kuna mlango unaoinuka kama wa buti, na chini yake ndiyo jikoni. Huwezi kusimama ndani, wala hakuna sinki. Mlango uko ubavuni, na ukingo wa godoro unaishia pale pale mlangoni, kwa hiyo unaingia kwa kukaa, kisha unageuza miguu.

Nikatoa tepu. Sakafu yake sentimita 58 kutoka ardhini, godoro 10, jumla 68. Nikatoa 48. Nikabaki na 20. Sentimita 20 ni kidato. Kisanduku cha mbao cha kukanyagia chenye kimo cha sentimita 20, na Mama atakuwa amekaa kama kwenye kiti chake cha nyumbani. Nilimwita Baba Amani nikamwonyesha hesabu kwenye daftari, akaisoma, akasema, "Basi sasa tuikague kama wezi." Maana yake tusiache kitu.

Tulimwomba mwenyewe jeki. Gurudumu la kushoto likazunguka kimya. La kulia likakwaruza, na ukilishika juu na chini ukalitikisa, linacheza. Beringi. Si ghali, lakini beringi iliyokauka grisi ndiyo inayong'oa gurudumu barabarani. Tairi zilikuwa na meno yote, zinapendeza kama mpya, mpaka nilipopiga magoti nikatafuta namba nne ubavuni: 1114. Wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata usipotembea, na kwenye mikunjo ya ubavu nyufa ndogo zilikuwa zimeanza, kama udongo wa bwawa lililokauka. Trela nyingi za kulala ziko hivi kwa sababu zinakaa zaidi ya zinavyosafiri. Usitazame meno, tazama tarehe.

Taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Plaiwudi ilikuwa kavu kila mahali, nilibonyeza mpaka kidole kikauma.

Karatasi zilikuwa sawa, na hapa sikufanya haraka. Trela ina usajili wake yenyewe, na namba zake huanza na herufi Z. Haitembei kwa jina la gari linaloivuta. Tulilinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logbuku, yaani hati ya usajili, tukahakikisha jina la mmiliki kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ndipo tukaongea bei. Wiki mbili kabla tulikuwa tumeona nyingine nzuri tu huko upande wa Ngong, muuzaji anasema karatasi zitakuja. Tulimwachia.

Mwenye trela ya Ruai alikuwa anataka 220,000. Nikamwekea mezani tairi, beringi na taa, bila kumkaripia, tukakubaliana 190,000. Kufunga ndoano ya kuvutia nyuma ya gari, ile yenye kichwa cha mviringo cha milimita 50, pamoja na waya za taa, ikawa 32,000. Tairi tatu, ya akiba ikiwemo, 19,500. Beringi na grisi 4,000. Godoro jipya 9,000, turubai la kivuli 8,500. Jumla 263,000. Zilizobaki zililipa kubadilisha umiliki, bima, na maegesho, kwa sababu mwenye nyumba wetu alikataa tuiegeshe pale, na ni haki yake. Sasa inakaa kwa kaka yangu Juja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naomba usiliruke.

Tuliipeleka trela kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu Industrial Area, tukalipa kidogo, ikapima kilo 430 tupu. Ishirini zaidi ya mpaka wangu. Nikakubali kwamba jerikeni moja itasafiri ndani ya gari, mzigo ukawa 170, na jumla 600. Tukafurahi. Jioni tukiwa Juja tumeipakia yote kwa majaribio, jirani yetu aliyetusindikiza akauliza, "Na pua yake ina kilo ngapi?"

Pua ni pale trela inapokalia ndoano ya gari. Haitoshi kujua uzito wote. Inashauriwa sehemu yake, kati ya asilimia 10 na 15, ikandamize ndoano. Ikiwa chini sana ya hapo, maana yake mzigo umeelemea nyuma mno, na trela iliyolemewa nyuma huanza kuyumba ukifika mwendo fulani: kidogo, kisha zaidi, kisha inaliyumbisha gari lenyewe. Kwetu ingetakiwa kilo 60 hadi 90.

Tukaleta mizani ya kaka yangu ya kujipimia, ile ya kusimama juu yake bafuni. Tukaiweka kwenye ubao bapa, tukasimamisha gogo juu yake mpaka kimo kile kile cha ndoano ili trela ikae sawa bila kuinama, tukazuia magurudumu kwa mawe, tukashusha pua taratibu juu ya gogo. Neema alilala kifudifudi kwenye nyasi asome namba. "Thelathini na moja!" Nikafikiri amekosea. Nikainama mwenyewe. Mshale ulikuwa unatetema kwenye 31.

Asilimia 5. Jerikeni mbili za maji, mtungi wa gesi na sanduku la vyombo, vyote tulikuwa tumevipanga nyuma, jikoni, mahali pake pa kawaida kabisa. Yaani tungetoka hivyo barabarani, Mama na watoto ndani ya gari, na tusingejua mpaka mteremko wa kwanza. Tukahamisha jerikeni mbele ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, zikakaa zimefungwa kwa mkanda, na betri tukaisogeza puani. Tukashusha tena. Neema akasoma 68. Akasimama akaruka ruka kama ameshinda mashindano, na mimi nilikaa kwenye nyasi kidogo.

Safari ya kwanza tulichagua Olorgesailie, eneo la mabaki ya watu wa kale, barabara ya Magadi, kwa kuwa ni karibu na magari ni machache ukishapita Kiserian. Nitaanza na kurudi, maana ndiko kulikonitia wasiwasi. Kule chini ni karibu mita 1,000 juu ya bahari, joto kali, halafu unapanda zaidi ya mita 700 mpaka Corner Baridi. Baba Amani alizima kiyoyozi, akashusha gia mapema badala ya kusubiri gari lichoke, na hakuvuka kilomita 50 kwa saa mlimani. Sindano ya joto ilipanda kidogo ikatulia. Malori yalitupita, tukawapisha. Tulisimama njiani mara mbili kugusa vikombe vya magurudumu kwa mkono. Kile kilichofungwa beringi mpya kilikuwa cha moto kuliko mwenzake, nati imekazwa kupita kiasi. Fundi wa Kiserian aliilegeza kwa dakika kumi. Mkono ndio kipimo rahisi zaidi cha trela, na hauuzwi.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Mama alikaa mbele, akahesabu punda wa Wamaasai. Tulifika saa tisa, tukaegesha kwa kunyoosha, maana kurudi nyuma na trela bado tunajifunza. Baadaye jua lilipopoa tukatembea kwenye zile njia za mbao zilizoinuliwa juu ya shoka za mawe, mamia yake yametapakaa chini kama yalivyoachwa na watu wa kale sana. Wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walifukua pale miaka ya 1940. Mama alisimama muda mrefu, ameegemea reli. "Yametengenezwa na mikono kweli," akasema. "Angalia makali yote mawili."

Usiku trela ikawa nyumba ya Mama na Neema. Hema letu tulilisimamisha hatua kumi kutoka hapo, na Amani akalala kwenye kihema chake katikati, kama mlinzi. Nilimwekea Mama tochi, chupa ya chai na ndoo yenye kifuniko ili asitoke gizani. Alikalia ukingo wa godoro, miguu kwenye kile kidato cha sentimita 20, akashika kile kishikio cha chuma ambacho fundi wa Kariobangi alituchomelea bure. Akanitazama. Akageuza miguu ndani, wa kwanza, kisha wa pili, na mlango ukafungwa.

Niliamka kabla jua halijatoka. Ndege walikuwa wameanza. Nikasikia kitasa cha trela kikilia, kisha mlango, kisha mbao za kidato zikilalamika kidogo chini ya uzito. Nilikuwa nimeshaketi kwenye hema, mkono kwenye zipu, nasubiri aniite.

Hakuniita. Nilipotoa kichwa alikuwa amesimama nyuma ya trela, shali begani, amefungua mlango wa jikoni mwenyewe, anatafuta kiberiti.